Ubani Wenye Risiti

Siku ya tatu ya matanga, sisi wanawake tukiwa uani tunachambua mchele wa chakula cha mchana, lilisimama nje gari jeupe lenye ngazi juu ya paa. Wakashuka watu watatu. Wawili walibeba gunia la mchele na katoni mbili za mafuta ya kupikia. Wa tatu, aliyevaa shati la mikono mirefu, alishika bahasha ya kaki. Akaomba kuonana na mjane.

Nilimwambia mdogo wangu yuko eda, haonani na wanaume wasio maharimu zake, na kwamba lolote alilokuja nalo aniambie mimi dada yake, mbele ya ami wa marehemu aliyekuwa ameketi barazani. Tukaketi. Yule bwana alitoa pole vizuri, kwa Kiswahili cha heshima. Akasema kampuni nzima ya stima imehuzunika. Akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Kisha akaisogeza bahasha. "Huu ni ubani wetu."

Ndani mlikuwa na shilingi 30,000 na karatasi moja ya Kiingereza. "Hiyo ni risiti tu, ya kuonyesha kwamba tulifika," alisema, akampa ami kalamu. Ami alikuwa amekesha siku tatu. Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa mstari nilipomwomba anipe karatasi kwanza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi; siwezi kuiona karatasi ikatiwa sahihi kabla haijasomwa. Aya ya pili ilisema familia imepokea fedha hizo kuwa malipo kamili na ya mwisho, na kwamba si mjane, si watoto, si mrithi yeyote atakayedai kitu tena kwa sababu ya kifo hicho.

Nimehudhuria matanga mengi. Nimeona ubani wa shilingi hamsini uliofungwa kwenye pindo la leso, na nimeona wa maelfu. Ubani wenye risiti sikuwa nimeuona.

Nilimtafsiria ami, neno kwa neno. Alinyamaza kitambo. Kisha akairudisha kalamu, akamwambia yule bwana kwa sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, Mungu amemchukua mja wake, na sisi hatuna neno. Lakini ile nguzo ililiwa na mchwa, na habari ya mchwa mlipewa." Mchele na mafuta walituachia. Bahasha waliondoka nayo.

Nyumba ya mdogo wangu iko nje kidogo ya mji wa Kilifi, upande wa minazi. Mumewe alikuwa mchuuzi wa madafu, mwenye umri wa miaka 31. Jina lake silitaji hapa kwa sababu watoto wake wako shule na mama yao ameniomba hivyo. Kila siku alitoka kabla ya adhana ya alfajiri, akachukua mkokoteni wake kwa jirani, akaenda kupakia. Ilikuwa Mei 2019, masika yamekolea, na usiku ule mvua ilinyesha kwa upepo. Nguzo iliyokuwa kati ya nyumba yao na barabara ilianguka, ikauvuta waya hadi kwenye majani. Stima haikukatika. Taa ya barazani ilikuwa inawaka. Mdogo wangu aliiona inawaka alipotoka kumtafuta, na mpaka leo taa ile ndiyo inayomrudia usingizini, si mwili.

Watu wengi huamini kwamba waya ukianguka, stima hujikata yenyewe. Nami niliamini hivyo. Binamu yangu ambaye ni fundi alinieleza jinsi fyuzi inavyofanya kazi: hukata pale tu umeme mwingi unapopita kwa ghafla. Waya ukigusana na mwenzake, fyuzi hulipuka. Lakini waya ukilala juu ya mchanga, na mchanga wetu huu wa pwani hata ukiloa juu huwa mkavu chini, umeme unaopita ni mdogo mno kwa fyuzi, ingawa kwa mtu unatosha kabisa. Basi waya unalala pale kimya, haulii wala hautoi cheche, unangoja mguu. Tena si lazima uukanyage. Ardhi yenyewe ikishapata umeme, hatua moja ndefu yatosha, mguu mmoja hapa na mwingine pale. Ndiyo maana mafundi hufundishwa kwamba ukijikuta karibu na waya ulioanguka, ubane miguu pamoja na uondoke kwa kuburuta nyayo kidogo kidogo bila kuzinyanyua, wala usikimbie. Wanafunzi wangu sasa wanalijua hilo wote. Shemeji yangu hakuna aliyemfundisha.

Tulimzika siku ileile baada ya swala ya alasiri. Polisi walikuja, wakaandika kwenye OB, kile kitabu chao cha matukio, wakauliza kama tunataka mwili upasuliwe. Wazee wakakataa, na mimi sikubisha, maana nilikuwa nalia kama wengine. Wakili wetu baadaye alishika kichwa. Kilichotuokoa ni daktari wa zamu wa pale hospitali, aliyekuwa na bidii ya kuandika: jeraha la kuungua kwenye unyayo wa kulia, jingine kwenye kiganja cha kushoto, na vipimo vyake kwa sentimita. Bila mistari ile miwili, kampuni ingesema alianguka kwa moyo. Na kweli, mahakamani walijaribu kusema hivyo.

Asubuhi iliyofuata, kabla hatujaanika hata shuka za wageni, lori lilikuja na nguzo mpya ya zege. Vijana wanne, kofia ngumu vichwani. Kwa saa mbili na nusu kazi ilikuwa imekwisha, nyaya zimekazwa, na ile nguzo ya mti iliyoanguka imepakiwa ili iondoke. Hapo ndipo nilipopata akili. Nilikimbia na simu nikaipiga picha ile ncha yake iliyokuwa ardhini. Ilikuwa imebaki kama ganda la muhogo mbovu, katikati pakiwa tupu, udongo wa mchwa umejaa ndani. Nilimwomba mmoja wa vijana wale anipe kipande. Alitazama nyuma, akavunja kwa mkono wake, wala hakuhitaji shoka, akanipa kimya kimya. Mungu amlipe kijana yule. Nilikifunga kwenye mfuko wa unga nikakiweka juu ya kabati.

Saa mbili na nusu. Nguzo iliyolalamikiwa tangu Februari.

Najua ni tangu Februari kwa sababu ya jirani yetu Bi Mkubwa, ajuza wa miaka 70 na kitu, ambaye ndiye mtu wa maana zaidi katika habari hii. Nguzo ile ilikuwa mpakani kwake. Yeye hajui kusoma, lakini ana imani kubwa na maandishi. Kila alipopiga simu kwa kampuni alimwita mjukuu wake, mwanafunzi wangu wa darasa la sita wakati ule, aandike kwenye daftari la hesabu: tarehe, saa, jina alilojitambulisha nalo aliyepokea, na namba ya malalamiko aliyopewa. Ziko mara tano. Ya kwanza imeandikwa kwa hati ya mtoto: "Nguzo imeinama. Wamesema watakuja." Ya pili: "Nguzo imeinama sana. Wamesema watakuja." Ya nne, mwezi wa Aprili, inasema mbuzi wa bibi amekufa akiwa amesimama karibu na waya ule wa kushikilia nguzo, na kwamba wamesema watakuja. Kila moja ina namba yake ya tarakimu nyingi. Alipokuja kutupa pole, Bi Mkubwa alileta daftari lile ndani ya leso, akaliweka mapajani mwangu. "Mwalimu, mimi niliwaambia. Hesabu zake hizi hapa."

Sikujua thamani yake siku ile. Nilikuja kuijua mwaka mmoja baadaye, nikiwa nyumbani shule zimefungwa kwa ajili ya korona, kesi yetu imeshafunguliwa na kuahirishwa mara mbili. Usiku mmoja wa Juni 2020 nilisoma habari za mahakama moja ya Chico, huko California.

Tarehe 8 Novemba 2018, saa kumi na mbili na kitu asubuhi, kulabu moja ya chuma ilikatika kwenye mnara wa umeme wa kampuni ya PG&E. Kulabu ile, yenye ukubwa wa kushikika mkononi, ilikuwa na umri wa karibu miaka 100. Ilikuwa imelika kwa kusuguana na kitundu ilimoning'inia, upepo baada ya upepo, mpaka ikabaki unyuzi. Waya uliachia, ukapiga chuma cha mnara, cheche zikaangukia majani makavu. Mji wa Paradise uliungua karibu wote. Watu 85 walikufa, wengi wao wazee ambao hawakuweza kukimbia. Uchunguzi ulionyesha kwamba tangu angalau mwaka 2001 hakuna aliyepanda mnara ule kuukagua kwa macho na mikono.

Kampuni ilikiri makosa ya kuua bila kukusudia, mashtaka 84. Na hiki ndicho kilichonikalisha kitako kitandani saa saba ya usiku: jaji aliyasoma majina. Moja moja. Picha ya kila marehemu ikaonyeshwa kwenye skrini, na mkuu wa kampuni, Bill Johnson, akasimama akaitazama, na kwa kila jina akajibu kwamba kampuni ina hatia. Mara 84.

Nilifikiria barua ambayo kampuni yetu ilikuwa imemwandikia wakili wetu, ambamo shemeji yangu anaitwa "mhusika". Kurasa mbili nzima, na jina lake halimo hata mara moja.

Sitaki mtu adhani kwamba huko kwa wenzetu haki imenyooka. Faini ya mashtaka yale yote ilikuwa kama dola milioni 3.5, na hakuna aliyelala jela hata usiku mmoja, kwa sababu kampuni haifungwi pingu. Fedha za fidia zilikuwa nyingi, mfuko wa dola bilioni 13.5, ila nusu yake ilikuwa hisa za kampuni ileile. Tena PG&E haikuwa ngeni mahakamani. Moto wa Paradise ulipowaka ilikuwa bado inatumikia kifungo cha nje cha miaka mitano kwa kosa lililohusiana na vifo vingine: tarehe 9 Septemba 2010 bomba lake la gesi lilipasuka katika mji wa San Bruno, likaua watu wanane na kuteketeza nyumba 38, na zikapita dakika 95 kabla gesi haijazimwa. Kwa hiyo hukumu ile ya kwanza haikuzuia msiba wa pili. Hilo linaniumiza, na silifichi.

Lakini nilipochimba zaidi habari za San Bruno nilikutana na jambo lililonifanya niamke nikalitoe daftari la Bi Mkubwa kabatini. Bomba lile lilitandazwa mwaka 1956. Kumbukumbu za kampuni zilisema halina mshono. Wachunguzi walipolifukua walikuta vipande vifupi vilivyoungwa, na uungaji wenyewe mbovu. Kwa maana hiyo kampuni haikuwa ikijua ni bomba gani inalosukumia gesi chini ya vitanda vya watu. Kisha nikasoma za Larkhall, huko Scotland, Desemba 1999: gesi ililipuka ikaua familia ya watu wanne, baba, mama na watoto wao wawili. Kampuni ya Transco ilikuwa imeandika kwenye vitabu vyake kwamba bomba la mtaa ule ni la plastiki. Lilikuwa la chuma, tena chuma kilicholiwa na kutu. Mwaka 2005 ilitozwa faini ya pauni milioni 15.

Kote huko swali lililowabana lilikuwa moja: mlijua nini, na mlijua lini? Wala halikujibiwa kwa machozi ya familia. Lilijibiwa kwa makaratasi ya kampuni zenyewe, na pale makaratasi yalipokuwa ya uongo, uongo ule ndio uliogeuka ushahidi. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa saba za maelezo kuhusu jinsi shemeji yangu alivyokuwa baba mwema. Ni kweli tupu, na zina haki yake ya kusomwa. Ila usiku ule nilielewa kwamba daftari la hesabu lenye alama ya mafuta ya taa lilikuwa na nguvu kuliko kurasa zangu zote, maana namba zile tano zimo pia kwenye kompyuta za kampuni.

Asubuhi nilimpigia wakili. Akaomba mahakama iiamuru kampuni ilete kumbukumbu za namba hizo. Walisema hazipo. Tukaleta daftari. Wakasema mtoto anaweza kuandika chochote. Tukaleta taarifa za simu ya Bi Mkubwa kutoka kwa mtandao wake, tarehe zilezile, saa zilezile, dakika nane, dakika kumi na moja, dakika sita. Ndipo kumbukumbu zikapatikana. Kwenye zote tano palikuwa na neno moja: imefungwa. Maana yake shida imetatuliwa.

Siwezi kueleza ukimya uliokuwa kwenye chumba kile.

Kesi za namna hii zina njia ndefu ambayo haielezwi na mtu msibani. Huwezi kumshtakia marehemu kabla mahakama haijakupa barua za usimamizi wa mali yake, hata kama mali yenyewe ni mkokoteni na panga. Muda wa kufungua ni miaka mitatu, na miaka mitatu ya msiba hupita haraka. Mawakili wa kampuni walianza kwa kusema tumekosea mlango, tulipaswa kwenda kwenye baraza la nishati na petroli badala ya mahakama ya hakimu. Ubishi huo peke yake ulikula miezi. Kisha ikaja hesabu ya thamani ya mtu. Huchukuliwa alichokuwa akipata kwa mwezi, kikazidishwa kwa 12, kikazidishwa kwa miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, halafu ikatolewa sehemu ambayo angeitumia mwenyewe. Kwa mwenye mke na watoto, familia huhesabiwa theluthi mbili. Mchuuzi wa madafu hana karatasi ya mshahara. Kwa hiyo mahakama hushika kima cha chini cha mshahara, na mtu aliyesomesha watoto watatu, akamjengea mama yake nyumba ya mawe, akawa hesabu ya kibarua.

Hukumu ilitolewa mwaka 2022. Kampuni ilikutwa na makosa. Asilimia 20 ikakatwa kwa sababu marehemu, ilisemwa, angeweza kuuona waya. Saa kumi na nusu alfajiri, mvua inanyesha. Wakili alitushauri tusikate rufaa, tukamsikiliza, kwa sababu mtoto mkubwa alikuwa anangoja karo. Walilipa mwaka uliofuata.

Hakimu alipokuwa akisoma, alilitaja jina la shemeji yangu kamili, lake, la babake na la babu yake. Mdogo wangu alikuwa kando yangu. Alinishika mkono kwa nguvu hata pete ikaniumiza, na kila jina lilipotajwa tena alinibana tena. Nilihesabu mara kumi na nne.

Jambo ambalo halikujibiwa ni nani aliyeandika neno lile "imefungwa". Mtu fulani alikaa mbele ya kompyuta mara tano, au watu watano walikaa mara moja moja, na kila mara aliandika kwamba nguzo imetengenezwa. Labda alikuwa na malalamiko mia ya kufunga kabla ya jioni. Labda mkubwa wake alikuwa akimpima kwa idadi anayoifunga. Hakuitwa. Mkubwa wake hakuitwa. Wakili wa kampuni alisimama mahali pao wote, na akiondoka pale alikuwa na kesi nyingine chumba cha pili. Fedha zililipwa na kampuni, na fedha za kampuni ni tokeni za stima tunazonunua sisi. Sina chuki na kijana wa kupokea simu. Ninayemtaka ni yule aliyeamua kwamba malalamiko yanaweza kufungwa bila fundi kufika, na bado namtaka.

Kile kipande cha nguzo kilirudi kutoka mahakamani kikiwa na kibandiko cha namba. Daftari halijarudi. Mwezi uliopita nilipita kumjulia hali Bi Mkubwa, nikamkuta ameketi mlangoni akisuka makuti. Macho yake yamepungua nuru sana. Nilipoaga aliniita tena.

"Mwalimu, mjukuu wangu yuko sekondari siku hizi, haandiki tena. Nitumie mtoto mwingine mwenye hati nzuri, aje na daftari. Nguzo ya kule kisimani nayo imeanza kuinama."